UZI: Kwa nini marafiki wakifunga mizigo ya safari pamoja, chumvi inakuja pakiti nne na kiberiti hakuna?

#1 – Zabibu Kavu

Wakuu, habari za jioni.

Naomba wenye akili mnisaidie. Sisi ni marafiki saba, watu wazima, wote tuna shughuli zetu hapa Dodoma, na wawili kati yetu wana shahada ya pili. Tulipanga kwenda Kolo kuona michoro ya mapangoni, tulale huko kwenye mahema, kesho yake turudi. Tukakubaliana tufunge mizigo kwa pamoja, nyumbani kwa mwenzetu Area C ambaye ana uwanja mkubwa, ili kisisahaulike kitu. Yaani kufunga pamoja ndiyo ilikuwa kinga yenyewe.

Tulipofika na kushusha, hali ikawa hivi. Chumvi pakiti nne. Mafuta ya alizeti madumu mawili ya lita tano, kwa mlo wa usiku mmoja. Masufuria sita na mfuniko mmoja, na huo mfuniko hauingii kwenye sufuria hata moja kati ya hayo sita. Spika za muziki mbili. Jiko la mkaa lipo, mkaa upo kiroba kizima. Kiberiti hakuna. Na kwa bahati mbaya hakuna mvuta sigara hata mmoja, kwa hiyo hata kwenye mifuko ya suruali hakikupatikana.

Mahema yalikuwa mawili. Moja lina turubai na vigingi, halina nguzo. La pili lina nguzo tupu. Mwenye nayo akatutuliza kwamba yote ni aina moja, kwa hiyo tukiunganisha tunapata hema moja zima. Hayakuwa aina moja.

Halafu nyama. Kilo tano za mbuzi, zimelala kwenye viungo usiku kucha, zilibaki kwenye friji Area C. Asubuhi ile hakuna kitu kilichoulizwa kuliko nyama. "Nyama imewekwa?" "Imewekwa." "Jamani nyama?" "Nyama imewekwa." Imewekwa wapi, hakuna aliyeuliza.

Mtu akisafiri peke yake hasahau kiberiti. Madai yangu ni kwamba kadiri mnavyokuwa wengi ndivyo mizigo inavyofungwa ovyo. Anayepinga aje na sababu, na kisa.

#2 – Shemeji wa Nkuhungu

Kabla ya yote: nyama iliishia wapi?

#3 – Zabibu Kavu

Mlinzi wa pale alipiga simu saa mbili usiku kutushukuru.

#4 – Mwl. Chaki

Hili limeshapimwa zamani. Kuna mhandisi wa kilimo wa Ufaransa aliyeitwa Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba akapima. Mtu akivuta peke yake anatoa nguvu zake zote. Ukimwongezea mwenzake, halafu mwingine na mwingine, nguvu ya kila mmoja inapungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1913. Sababu zinazotajwa ni mbili: watu kutegeana, na watu kutovuta kwa wakati mmoja, huyu anavuta mwenzake anavuta pumzi. Saba wakisimama uwanjani Area C, kila mmoja anafunga mzigo kwa nusu ya akili yake.

#5 – Shemeji wa Nkuhungu

Mwalimu, hao wa shahada ya pili ndio tatizo. Wangekwenda na mtu mmoja wa darasa la saba kiberiti kingekuwepo, na cha akiba kingekuwepo.

#6 – Pima Kwanza

Mwl. Chaki, heshima yako, lakini Ringelmann alipima kuvuta. Hakupima kukumbuka. Soma tena #1. Kama ni kutegeana, chumvi ingekuwa sifuri. Hapa chumvi ni pakiti nne! Watu hawa hawakutega hata kidogo, kila mmoja alijituma. Ila walijituma upande mmoja.

Nionavyo mimi, mtu anabeba kile anachokiona jikoni kwake. Chumvi ipo kila jiko, mafuta yapo, sufuria ipo. Kiberiti siku hizi hakipo. Nyumba nyingi za mjini zina jiko la gesi la kujiwasha, unazungusha kitufe, moto huo. Mtu hakioni kiberiti wiki nzima, ataikumbukaje njiti?

#7 – Mama Wawili Ipagala

Kwako #6 jiko linajiwasha. Sisi wa mtungi mdogo wa kilo 6 na kichomeo cha kukaza juu tunatumia kiberiti kila siku ya Mungu. Usituweke wote kapu moja.

#8 – Mrangi wa Bicha

Nawasalimu. Nina mambo mawili au matatu ya kurekebisha kabla hamjaenda mbali.

Kolo si Kondoa mjini. Ukishafika Kondoa unaendelea na barabara ya Babati kilomita ishirini na kitu ndiyo unaikuta. Na pale barabarani kuna maduka! Kiberiti kinauzwa, mkate unauzwa, hata hizo nguzo za hema ungeomba fito ungepewa. Mtu anakaa na gunia la mkaa analia njaa wakati kijiji kiko hapo?

Pili, natumaini mliripoti kwanza ofisi ya mambo ya kale na mkachukua mwongozaji. Michoro ile iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na Mungomi wa Kolo si mahali pa kutazama tu, wazee wetu bado wanakwenda kufanya tambiko. Huwashi jiko mwambani. Moshi na michoro ya rangi iliyokaa karne na karne haviendani. Kwa hiyo kiberiti chenu kusahaulika, kwangu mimi ni heri.

#9 – Zabibu Kavu

Mrangi, shukrani. Tuliripoti na tukapewa mwongozaji, mzee mmoja mpole sana. Hema tulikusudia kupiga eneo la kambi, si mwambani. Duka tulilikuta limefungwa kwa sababu tulifika usiku, na tulifika usiku kwa sababu ya mambo mengine ya mizigo ambayo kwa leo naomba niyaache.

#10 – Dereva Mkongwe

Usiyaache bwana. Naona unaficha. Acha mimi niseme ya kwangu, naendesha Noah za kukodi hapa mjini na vikundi vya marafiki ndio wateja wangu wakubwa.

Shida si kusahau. Shida ni mpangilio ndani ya gari. Marafiki wakipakia pamoja, kila mtu anataka begi lake liwe juu. Kwa hiyo anayefika kwanza anazikwa, na anayefika wa kwanza siku zote ni yule makini, mwenye vitu vya maana: dawa, tochi, maji. Anayechelewa anafika na spika na godoro, anaweka juu. Ukifungua mlango wa nyuma njiani kitu cha kwanza kukuangukia ni spika.

Kundi moja nililipeleka Babati. Tukapata pancha kupita Mayamaya. Jeki na spana viko nyuma chini, na juu yake kuna mzigo mpaka darini. Ikabidi tushushe vyote, tupange pembeni mwa lami: masufuria, ndoo, deli la barafu, viti vya kukunja, mablanketi. Jua la saa sita. Mimi niko chini ya gari, nasikia sauti ya mama mmoja juu, "Habari za biashara? Hii sufuria kubwa bei gani?" Nikafikiri ni utani. Kutoka chini ya gari nakuta mmoja wao ameshauza viti viwili.

#11 – Binti wa Ilazo

Viti viwili! 😂😂 Mimi nalala.

#12 – Shemeji wa Nkuhungu

Huyo ndiye mwenzangu wa kusafiri naye. Safari inajilipa yenyewe.

#13 – Mstaafu wa Kikuyu

Vijana, mnateseka kwa sababu ya lami. Nasema kweli. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo, kwenda Kondoa masika ulikuwa hujui utafika lini, na kiangazi ulikuwa unajua utafika lini ila hujui utafika na rangi gani. Vumbi linapita kwenye zipu. Kwa hiyo mtu alifunga mzigo kwa hofu. Kila kitu ndani ya shuka, shuka ndani ya begi, begi ndani ya gunia, na juu ya gunia kamba ya mpira wa tairi. Kiberiti kilifungwa kwenye naironi na kukaa kwenye mfuko wa shati, maana njia ikikatika utalala porini.

Siku hizi mnaona Kondoa ni karibu. Jambo likiwa karibu halifungiwi mzigo.

Na jingine, waliosoma shule za bweni hawasahau. Tulikuwa na karatasi ya mahitaji: ndoo, jembe, fyekeo, ufagio, shuka mbili, na tranka la chuma lenye jina kwa rangi ya mafuta. Kimoja kikikosekana unarudishwa getini. Nyinyi wa kwenda na kurudi nyumbani ndio mnasahau.

#14 – Tranka Bila Ufunguo

Mzee wangu shikamoo. La lami nakubali. La bweni hapana, hapana kabisa. Watu wa bweni ndio wanaharibu mizigo ya wenzao.

Nina rafiki, amesoma bweni miaka yote. Tunakwenda Singida harusini, magari mawili. Akaja na begi kubwa lina kufuli. Na kwa kuwa lilikuwa begi lenye usalama, wote tukamkabidhi vitu vya maana: zawadi ya maharusi, bahasha ya michango, miwani yangu, chaja. Tumefika Singida tunataka kuoga na kuvaa, begi halifunguki. Ufunguo uko wapi? Ameufunga kwenye mkufu wa funguo za nyumba, na funguo za nyumba amemwachia mkewe, na mkewe yuko gari la pili. Gari la pili liko Manyoni, fundi amelala chini yake.

Tukaenda kanisani na nguo za safarini. Bwana harusi alipotuona akadhani tumetoka msibani. Anakuja kutupa pole!

#15 – Mstaafu wa Kikuyu

Marahaba. Lakini umeona? Mzigo haukupotea.

#16 – Binti wa Ilazo

Wanaume mna afadhali, nguo za safarini hazina sare. Sikieni letu.

Tulikuwa na sendofu Iringa, tunatokea huku kwa basi kupitia Mtera. Kitenge kimoja, vilemba vya aina moja, tumeshona wote kwa fundi mmoja. Usiku wa kuamkia safari tukakutana kwangu Ilazo kufunga pamoja, na dada mmoja mwenye sauti akaamua vilemba vyote vikae begi moja ili visikunjike. Begi jeusi la magurudumu. Mnajua mabegi meusi ya magurudumu yalivyo? Stendi ya Nanenane saa 11 alfajiri yako kama mia, na yote ni lilelile.

Tulishuka Iringa tukaenda kwenye nyumba tuliyofikia, tukafungua. Ndani kuna vipuri vya pampu ya maji, grisi, na suruali moja ya kazi. Tukiwa bado tunatazamana, simu inaita. Mwanaume, sauti ya upole: "Samahani, namba yako nimeikuta kwenye kikaratasi cha fundi cherehani humu. Mimi niko Mafinga. Nina vilemba kumi na viwili. Nivifanyie nini?"

#17 – Shemeji wa Nkuhungu

Angevivaa apige picha.

#18 – Mwl. Chaki

Binti, mlivipata?

#19 – Binti wa Ilazo

Alituletea mwenyewe na basi la mchana, sherehe ikiwa inaanza. Wakamkaribisha, akala, akacheza. Sasa ni mtu wetu, yuko kwenye kundi la WhatsApp.

Ila niongeze kitu, katika safari hiyohiyo kuna dumu la alizeti tulilompelekea mama mzazi wa binti. Lilifika nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye nguo zangu. Na kizibo nilikikaza mimi kwa mkono wangu. Nani anajua kwa nini?

#20 – Fundi Bomba

Hewa hiyo dada. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini ni juu zaidi, mita 1,500 na kupita. Ukifunga dumu hapa na kuacha nafasi ya hewa juu ya mafuta, ukipanda mlima hewa ya nje inapungua mkandamizo, ya ndani inatanuka, inasukuma. Kizibo cha plastiki kikiwa na kasoro ndogo mafuta yanatafuta njia. Dawa yake: unaliminya dumu kidogo kutoa hewa kabla ya kukaza, na unalisimamisha, hulilazi.

#21 – Pima Kwanza

Sawa, ila umeruka kipande cha njia. Kutoka Dodoma kwenda Iringa hupandi moja kwa moja. Unashuka kwanza hadi Mtera, na bwawa liko kama mita 700 tu. Kwa hiyo dumu linabanwa kwanza, ndipo linatanuka.

#22 – Fundi Bomba

Ndiyo vibaya zaidi! Linabanwa, linabonyea, kizibo kinacheza. Halafu linapanda.

#23 – Mama Wawili Ipagala

Nyie na mita zenu. Kizibo hakikukazwa, basi. Na zamani hata kisipokazwa ulikuwa unatia dumu kwenye rambo mbili unafunga fundo. Tangu rambo zipigwe marufuku, tarehe 1 Juni 2019, mafuta yamepata uhuru. Ile mifuko ya kitambaa cha dukani haizuii hata chai.

#24 – Fundi Bomba

Mama, jaribu kesho kwa chupa ya shampuu uje useme.

#25 – Mama Wawili Ipagala

Shampuu yangu haisafiri.

#26 – Mgeni wa Kigamboni

Wakuu, mimi natokea Dar, naomba nichangie kwa upande wa wageni wenu. Kundi letu lilikuja Dodoma mwezi Julai kwa treni ya SGR. Mnajua ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 watu wa Dar tulipagawa, unapanda asubuhi, mchana uko Dodoma unakula. Sasa tatizo ni kwamba mtu ukiambiwa safari ni ya saa chache, unabeba mzigo wa saa chache. Watu sita, hatuna sweta hata moja. Tuna kaptula. Mmoja alikuja na feni ndogo ya kuchaji.

Usiku wa kwanza Dodoma tulilala na taulo juu ya shuka. Hakuna aliyetuambia kuna baridi!

#27 – Mstaafu wa Kikuyu

Si ndiyo hayo niliyosema #13. Karibu hakufungiwi mzigo. Julai hapa usiku inashuka mpaka nyuzi 13, 14. Kiangazi chetu kina upepo, upepo una meno.

#28 – Shemeji wa Nkuhungu

Feni! Dodoma! Julai! Mgeni, hiyo feni ipo bado? Mimi nitainunua Novemba.

#29 – Mhasibu wa Mchango

Naona mnazunguka. Sababu ni pesa. Mimi huwa natunza michango ya safari za kundi letu, naongea ninachokijua.

Mtu akishatoa mchango wake, tuseme elfu thelathini, moyoni mwake ameshabeba mizigo yote. Ukimwambia alete kiberiti anakuangalia kama umemdai mara mbili. "Si nilitoa?" Kiberiti ni shilingi mia, hamna wa kukibeba kwa sababu si cha mtu, ni cha mchango. Chumvi kila mtu anabeba kwa sababu haikuwa kwenye bajeti. Angalieni vizuri vitu vinavyosahaulika, vyote ni vile vilivyoandikwa kwenye bajeti. Nyama ilikuwa ya mchango. Mbona spika hazikusahaulika? Ni mali ya mtu.

#30 – Pima Kwanza

Hili lina uzito. Lakini mkaa? Mkaa nao ni wa mchango na ulifika.

#31 – Mhasibu wa Mchango

Mkaa nadhani mtu alikuwa nao nyumbani. Zabibu, thibitisha.

#32 – Zabibu Kavu

Mkaa ulikuwa wa mchango. Pole Mhasibu.

Ila mmenifanya niende kuchimba kwenye kundi letu la WhatsApp nione orodha. Nimekuta jambo. Mnajua orodha za WhatsApp, mtu ananakili, anaongeza jina lake, anabandika upya. Basi kiberiti KILIKUWEPO. Namba 14, "kiberiti na tochi", mbele yake jina la mwenzetu wa nane. Huyo wa nane akajitoa Alhamisi kwa sababu ya kazi. Mtu akanakili orodha, akafuta mstari wote wenye jina lake ili orodha isichanganye. Akafuta na kiberiti na tochi.

#33 – Binti wa Ilazo

Kwa hiyo kiberiti kilijitoa safari pamoja na mwenyewe. 😂

#34 – Mwl. Chaki

Hapo sasa. Hii ni sehemu ya pili ya Ringelmann, kutovuta kwa wakati mmoja.

#35 – Pima Kwanza

Mwalimu hii kamba yako itavuta kila kitu. Huyo aliyefuta mstari alifanya kazi safi kabisa ya ukarani. Na bado haijajibu kwa nini wengine saba hawakugundua. Mtu anapakia jiko, anapakia mkaa, mikono imekuwa myeusi, na wazo la moto halimjii?

#36 – Mama Wawili Ipagala

Linamjia. Anasema kimoyomoyo, "lazima mtu anacho". Nawajua wanaume.

#37 – Dereva Mkongwe

Wanawake nao. Niliwabeba kina mama wa kikundi kwenda Kibaigwa, wana ndizi, wana wali umepikwa tayari, wana sahani za wote. Kijiko kimoja. Kila mmoja alisema vijiko kwenye sherehe ni kazi ya kamati ya vyakula, na hao wote walikuwa kamati ya vyakula.

#38 – Mama Wawili Ipagala

Wali unaliwa kwa mkono, hapo walisahau nini?

#39 – Mzee wa Gesi

Naona hamjafika kwenye gesi. Wacha niwape hii kwa faida ya wanaopenda kupiga kambi.

Marafiki zangu walijifanya wa kisasa, mkaa hapana, tunakwenda na gesi. Mmoja akabeba mtungi mdogo wa kilo 6. Mwingine, ambaye nyumbani kwake ana mtungi wa kilo 15 na jiko la mezani, akabeba jiko lake, mpira wake na regulata yake. Wakathibitishana kwenye simu. "Mtungi?" "Upo." "Jiko?" "Lipo." "Mpira?" "Upo." Kila jibu lilikuwa la kweli. Wamefika Mtera, regulata ya mtungi mkubwa haikai kwenye kichwa cha mtungi mdogo. Ule mdogo unataka kichomeo chake cha kukaza juu moja kwa moja, na hicho kimebaki jikoni kwa mwenyewe, kimeoshwa, kimeanikwa.

Wakajaribu kuifunga kwa mpira wa tairi. Nashukuru kuna mvuvi aliyewapigia kelele. Gesi hailazimishwi jamani! Ukisikia inapuliza pembeni, funga, sogea mbali, kula mkate.

#40 – Fundi Bomba

Hapa naunga mkono kwa mikono miwili. Na mkisafiri nao kwenye gari la watu msiuzike chini ya mabegi. Usimame wima, madirisha yafunguliwe.

#41 – Shemeji wa Nkuhungu

Kwa hiyo walikula nini Mtera?

#42 – Mzee wa Gesi

Walikula samaki wa kukaanga pale barabarani, kama watu wote. Walikuwa wamebeba mtungi, jiko, unga, vitunguu na kikaango kwa kilomita zaidi ya mia, wakaja kununua perege aliyekwisha kukaangwa.

#43 – Mrangi wa Bicha

Hao ndio waliofaidi. Perege wa Mtera mpishi wake yuko Mtera.

#44 – Mgeni wa Kigamboni

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mwezi ujao tunapita Mtera tukitokea Iringa, halafu Dodoma tunapanda treni kurudi Dar. Nataka kununua samaki nipeleke nyumbani. Nawafungaje wasinuke behewa zima?

#45 – Mama Wawili Ipagala

Usichukue wabichi, hata kwa barafu, barafu itayeyuka utembee na mchuzi. Chukua waliokaangwa wakakauka kabisa, waache wapoe, wapoe hasa, usifunge wa moto watatoa jasho na kulainika. Karatasi kavu tabaka mbili tatu, kisha kapu la ukindu lenye mfuniko. Kapu linapumua. Ukiwatia kwenye ndoo ya kufunga, siku ukifungua majirani watahama.

#46 – Dereva Mkongwe

Na kapu ushike mwenyewe mapajani. Usimpe rafiki akushikie.

#47 – Tranka Bila Ufunguo

Wala usilifunge na kufuli.

#48 – Shemeji wa Nkuhungu

Mgeni, treni yenu Dodoma inaondoka saa ngapi? Naweza kuja kukuangalizia kapu stesheni, wewe ukachukue chai. Nitalala hapohapo kama ni lazima.

#49 – Mgeni wa Kigamboni

Mama Wawili, asante sana. Kapu la ukindu nalipata soko gani hapo mjini, Majengo au Sabasaba? Shemeji, wewe nitakutumia picha.

#50 – Mama Wawili Ipagala

Nenda Majengo, uliza wanaouza ungo na vipepeo. Usikubali bei ya kwanza, ukiongea Kiswahili cha pwani wataongeza.